Namna ya Kupata Makundi ya Nyuki wa Kienyeji: Mwongozo kwa Mfugaji Anayeanza

Kila mwaka mvua zinapokaribia ninaulizwa swali lile lile: "Mizinga nimeshatengeneza, sasa nyuki wenyewe wananunuliwa wapi?" Anayeuliza mara nyingi ameona kwenye video jinsi wafugaji wa Ulaya na Marekani wanavyoagiza nyuki wakaletewa katika visanduku vya wavu, naye anatafuta duka la namna hiyo hapa nchini. Huku kwetu kanda ya kati ya Tanzania, nyuki wengi wanaojaza mizinga ya wafugaji hawajanunuliwa popote, kwa sababu walitoka porini au katika mizinga ya majirani na kuingia wenyewe kwenye mzinga ulioandaliwa vizuri. Mwongozo huu unaeleza njia nne za kupata makundi hayo, kuanzia ile iliyo nyepesi zaidi kwa mgeni hadi ile ambayo ningependa uisubirishe mwaka mmoja.

Kwanza neno moja kuhusu asili ya nyuki. Nyuki wa nyanda kavu za ndani, wa pwani na wa milima mirefu kama Kilimanjaro na Meru hawafanani kwa tabia, na kila jamii imezoea maua, baridi na ukame wa kwao. Kundi lililosafirishwa kutoka mbali huweza kuhama ndani ya wiki chache, na huweza kuja na wadudu na magonjwa ambayo nyuki wa kwako hawajawahi kukutana nayo. Mwaka 1990 wafugaji wa Afrika Kusini walihamishia kaskazini mwa nchi yao nyuki wa Rasi, yaani wa eneo la Rasi kusini mwa nchi hiyo, ambao vibarua wao (nyuki wa kike wafanyao kazi za mzinga) huweza kutaga mayai yanayotoa nyuki wa kike bila kupandwa na dume. Vibarua hao walipenya kwenye mizinga ya nyuki wa huko, wakataga humo, na makundi ya wafugaji yakaangamia kwa maelfu. Kwa hiyo ninaposema nyuki wa kienyeji ninamaanisha nyuki wa wilaya yako au ya jirani, wala si nyuki wowote waliozaliwa Afrika.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kuanza

Andaa mizinga mitatu hadi mitano. Mzinga mmoja hautoshi, kwa sababu hakuna anayeweza kukuhakikishia ni upi utakaopendwa na nyuki, na ukiniuliza nitakwambia kwamba mtu aliyetundika mitano akapata makundi mawili katika msimu wake wa kwanza amefanya vizuri. Mwongozo huu unachukulia kwamba unatumia mizinga ya mbao yenye viunzi vya juu, yaani zile fito bapa ambazo nyuki hujengea masega yao, lakini karibu kila kitu kinafaa pia kwa mizinga ya fremu.

Zaidi ya mizinga unahitaji:

- nta safi, angalau robo kilo, pamoja na gundi ya nyuki (utomvu ambao nyuki huzibia nyufa) iliyokwanguliwa kutoka kwenye mzinga wa zamani;
- bomba la moshi, na mavazi ya kinga yaliyo kamili: kofia yenye wavu, glavu na buti;
- kisanduku kimoja au viwili vya kunasia, chenye viunzi vitano hadi vinane vya kipimo kile kile cha mzinga mkubwa;
- waya wa kutundikia, grisi, kamba ya katani, kisu chembamba, unyoya wa kuku au bawa zima la kupangusia nyuki, na kipande cha wavu wa waya wa kuzibia mlango;
- ruhusa ya mahali utakapoweka mizinga.

Hilo la mwisho watu hulidharau. Msitu wa kijiji una serikali ya kijiji, hifadhi ya msitu ina Wakala wa Huduma za Misitu, na shamba la jirani lina mwenyewe. Ufugaji wenyewe unasimamiwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, kwa hiyo jitambulishe mapema kwa afisa nyuki wa wilaya yako. Mara nyingi ndiye pia anayejua nani katika kata yako ana mizinga iliyojaa na yuko tayari kuuza au kufundisha.

Njia ya kwanza: kuwavuta nyuki waingie wenyewe

1. Chagua wakati. Nyuki hugawanyika chakula kinapokuwa kingi, malkia mzee akatoka na sehemu ya kundi na kumwachia binti yake nyumba. Pia huhama wote kwa pamoja wanapokimbia njaa, ukame, moto au kusumbuliwa mara kwa mara. Katika Singida, Dodoma na Tabora, ambako mvua ni za msimu mmoja kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, muulize mrina asali mzee wa eneo lako ni miezi gani anaona makundi yakipita angani, kisha hakikisha mizinga iko juu ya miti mwezi mmoja kabla ya hapo. Wanaoishi kwenye vuli na masika, kama Arusha na sehemu kubwa ya Kenya, wana nafasi mbili kwa mwaka.

2. Ondoa harufu za binadamu kwenye mzinga. Mbao mbichi, rangi, dizeli na dawa ya mchwa hufukuza nyuki. Rangi ipakwe nje tu, na mzinga mpya uachwe wazi kivulini kwa wiki kadhaa. Mzinga uliowahi kukaliwa na nyuki ndio bora kuliko wote, mradi umekwangua uchafu na mabaki ya nondo wa nta.

3. Yeyusha nta ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria yenye maji yanayochemka. Usiweke kopo la nta moja kwa moja juu ya moto, kwa maana nta hushika moto ghafla, na kuimwagia maji ni kuusambaza. Chovya kijiti kilichofungwa kitambaa, kisha chora mstari mwembamba wa nta katikati ya kila kiunzi, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyuki huanzia sega lao kwenye mstari huo. Ukipaka ovyo, watajenga masega yanayokatiza viunzi, na hutaweza kuinua kiunzi kimoja bila kuvunja vitatu.

4. Sugua gundi ya nyuki na nta kwenye kuta za ndani na kuzunguka mlango. Majani ya mchaichai yaliyopondwa nayo husaidia, kwa sababu harufu yake inakaribiana na ile ambayo vibarua huitoa wanapoitana. Hata hivyo harufu hiyo hupotea ndani ya siku chache, na utapaswa kuirudia. Asali na sukari usiweke kabisa. Vitaleta siafu na nyuki wezi, na nyuki wanaotafuta makazi hawavutwi na chakula.

5. Tundika kisanduku cha kunasia juu ya mti, kiasi cha mita tatu hadi nne kutoka ardhini, kwenye kivuli, mlango ukitazama uwazi. Mzinga mkubwa utundikwe kwa waya kwenye kimo cha kiuno, mbali na shina, ili nyegere asipate pa kukanyagia. Paka waya grisi, na uirudie inapokauka, kwani siafu wakipata njia ya usiku mmoja hutakuta kitu asubuhi. Manzuki, yaani mahali unapoweka mizinga, iwe mbali na nyumba, njia za watoto, shule na zizi, mita mia moja au zaidi, na maji yawe karibu.

6. Kagua kwa macho, kutoka mbali, mara moja kwa wiki. Siku za mwanzo utaona nyuki wachache wanaoelea mbele ya mlango, wanaingia, wanatoka, wanazunguka mzinga kana kwamba wanaupima. Hao ni wapelelezi, na hawabebi kitu. Wakiongezeka siku hadi siku, usiguse mzinga hata kidogo. Kundi likishaingia, utaona mlangoni vibarua waliosimama kichwa kikielekea ndani, mikia juu, wakipepea mabawa, na baada ya siku chache wengine wakirudi na vidonge vya chavua vya rangi ya manjano au chungwa kwenye miguu ya nyuma. Chavua ikiingia kwa wingi ni dalili njema kwamba malkia anataga na kuna majana, yaani watoto wa nyuki walio bado kwenye masega, ya kulishwa.

7. Subiri wiki tatu hadi nne kabla ya kufungua. Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza ni furaha ya kuchungulia. Kundi ambalo halina majana wala asali halina cha kupoteza, nalo huondoka kwa sababu ndogo tu, kama moshi mwingi wa siku ya pili.

8. Kundi lililoingia kwenye kisanduku cha kunasia lihamishwe usiku likishajenga viunzi vinne au vitano. Kama manzuki yako iko zaidi ya kilometa tano kutoka hapo, lipeleke moja kwa moja. Ikiwa ni karibu zaidi, nyuki watarudi walikotoka. Kipeleke kisanduku mahali pa tatu, mbali na pande zote mbili, kikae huko wiki tatu, ndipo ukilete nyumbani. Baada ya hapo hamishia viunzi kwenye mzinga mkubwa kwa mpangilio ule ule, sega kwa sega.

Njia ya pili: kukamata kundi lililotua

Kundi linalohama hutua kwenye tawi kwa saa chache, pengine siku nzima, likiwasubiri wapelelezi. Limening'inia kama mkoba mweusi unaotikisika polepole. Nyuki walioshiba kabla ya kuondoka kwao huwa watulivu kiasi, lakini kundi lililohama kwa njaa ni jambo tofauti, na kwa nje huwezi kulitambua. Vaa mavazi yote.

1. Nyunyizia maji kidogo kwa bomba la mkono. Mabawa yakilowa, wachache tu wataruka.

2. Shikilia kisanduku kilichopakwa nta chini kabisa ya kundi, kifuniko kikiwa wazi, kisha tikisa tawi kwa nguvu mara moja. Kutikisa mara nyingi kidogo kidogo huwatawanya na kuwakasirisha. Kama tawi ni dogo na mwenye mti ameridhia, likate na uliweke lote ndani.

3. Rudisha viunzi taratibu, acha mlango wazi, na weka kisanduku kivulini karibu na hapo. Kama malkia yumo, waliobaki nje wataanza kuingia kwa mstari, kama watu wanaoingia ukumbini. Kama wanatoka na kurudi kwenye tawi, malkia yuko bado juu, rudia.

4. Giza likiingia, ziba mlango kwa wavu na uondoke nao usiku huo huo. Ukisubiri hadi asubuhi, wapelelezi wanaweza kuwa wamekubaliana mahali pengine.

5. Kundi lililokamatwa wakati wa ukame lilishwe maji ya sukari, kipimo kimoja cha sukari kwa kimoja cha maji, ndani ya mzinga na jioni tu, hadi maua yapatikane. Ukimwaga tone nje ya mzinga, umealika wezi.

Nyuki walioko ndani ya dari au ukuta wa nyumba waachie mzoefu. Na yeyote anayekwambia uwachome moto kwanza kisha ubebe masega, mwambie kwamba unatafuta nyuki, hutafuti mizoga.

Njia ya tatu: kununua kundi kwa mfugaji wa jirani

Hii ndiyo njia ya haraka, na ndiyo iliyonigharimu mimi. Miaka ya mwanzo nilinunua mizinga miwili "iliyojaa" kwa mtu aliyekuwa akinihimiza tumalize biashara kabla jua halijazama. Nilisikia mvumo, nikaona nyuki wengi mlangoni, nikalipa. Nilipofungua nyumbani, mmoja ulikuwa mzima, ila wa pili ulikuwa na majana yaliyotawanyika kama nafaka iliyomwagika, na vifuniko vyake vyote vimevimba. Mzinga huo haukuwa na malkia. Vibarua walikuwa wakitaga mayai ya madume matupu, na baada ya mwezi mmoja na nusu ulibaki na nondo wa nta.

1. Nenda kukagua mchana pamoja na mtu anayejua nyuki, ingawa kubeba kutafanyika usiku. Muuzaji asiyekubali mzinga ufunguliwe mbele yako, achana naye kwa heshima.

2. Toa kiunzi cha katikati na usimame jua likiwa mgongoni, ili mwanga uingie ndani ya vijumba. Tafuta yai: ni kama kijipande cha uzi mweupe kilichosimama chini ya kijumba, moja tu kwa kila kijumba. Huhitaji kumwona malkia mwenyewe. Mayai yaliyosimama yanakwambia kwamba alikuwepo ndani ya siku moja au mbili zilizopita. Mayai mawili matatu katika kijumba kimoja, mengine yakiwa yamegandishwa ukutani, ni kazi ya vibarua.

3. Tazama majana yaliyofunikwa. Ya vibarua yana vifuniko bapa vya rangi ya hudhurungi, vilivyoungana kama mkeka. Yaliyochimbika, yenye matundu, au yanayotoa harufu ya kuoza yanakutaka uondoke bila kununua. Angalia pia migongoni mwa nyuki na ndani ya majana ya madume kama kuna utitiri wa varoa, kidudu chekundu cha hudhurungi kilicho bapa kama kaa mdogo. Nyuki wetu wanaishi naye, kwa hiyo wachache si sababu ya kukataa, lakini kundi lenye nyuki wengi wenye mabawa yaliyokunjamana lisinunuliwe.

4. Hesabu masega ya majana. Kundi la kuanzia liwe na angalau masega manne hadi matano yenye majana, na mengine mawili yenye asali na chavua. Kubalianeni kama bei inahusu mzinga pia au nyuki peke yao, na andikianeni hata kama ni mtu wa kijijini kwenu.

5. Safirisha usiku, mlango ukiwa umezibwa kwa wavu wa waya unaopitisha hewa. Kuziba kwa nyasi zilizoshindiliwa au matambara huwaua kwa joto, na hapo utakuta masega yamelainika na kuanguka. Rina kwanza masega mazito ya asali, funga kifuniko kwa kamba, na weka mzinga ili masega yaelekee upande gari linakokwenda, yasiyumbe kila dereva anapokanyaga breki. Mzinga wenye nyuki usipande bodaboda.

Kuna wanaouza nyuki wakiwa kwenye mzinga wa gogo au wa gome. Ununue ukiwa na mpango wa kuuacha kama ulivyo katika manzuki yako, ili makundi yanayogawanyika kutoka humo yaingie katika mizinga yako ya mbao iliyo karibu. Kukata masega ya majana na kuyafunga kwenye viunzi kwa katani ni kazi inayowezekana, ila mikono ya mgeni humwua malkia mara nyingi mno.

Njia ya nne: kugawa kundi lako mwenyewe

Hii ni ya mwaka wa pili, ukiwa na kundi lililojaza mzinga na maua yakiwa tele. Fanya saa ya jioni. Toa viunzi vitatu vyenye majana, kimoja kati yake lazima kiwe na mayai na majana machanga ya chini ya siku tatu, kwa maana ndiyo yanayoweza kulelewa kuwa malkia. Ongeza viunzi viwili vya asali na chavua, kisha ukung'utie ndani nyuki wa viunzi vingine viwili vya majana. Hakikisha malkia mzee amebaki nyuma. Kundi jipya lipelekwe zaidi ya kilometa tano, vinginevyo nyuki wakubwa watarudi kwao na kuacha majana yapigwe na baridi. Malkia hukua kwa takriban siku 16 tangu yai litagwe, kisha huhitaji siku nyingine za kukomaa na kwenda kupandwa angani, kwa hiyo usitafute mayai yake kabla ya wiki nne kupita. Anayefungua katikati humkuta malkia bikira mwenye hofu, na vibarua waliovurugwa humzingira wakamwua.

Mambo yakienda kombo

Miezi mitatu imepita na mzinga uko mtupu. Fungua uone nani mwingine ameingia: buibui, mijusi, panya na nyigu wote hupenda mizinga. Safisha, paka nta upya, kisha uhamishe kisanduku kwenye mti mwingine, hasa karibu na maji au mahali ambapo makundi yaliwahi kutua. Makundi hurudia njia zake.

Nyuki waliingia wakakaa wiki moja, wakaondoka. Tafuta alama za siafu kwenye waya, gusa mzinga saa saba mchana uone kama una joto kali, na ujiulize ulifungua mara ngapi. Kama kuna masega meupe mapya lakini hayana hata tone la asali, waliondoka kwa njaa. Yaache masega hayo kama ni safi, kwani kundi linalofuata litayapenda.

Kuna msongamano mlangoni, nyuki wanashikana na kuangushana. Hao ni wezi wanavamia kundi dhaifu. Punguza mlango ubaki upana wa vidole viwili, acha kulisha kwa siku kadhaa, na usifungue mzinga.

Masega yana utando kama wa buibui na vinyesi vyeusi. Ni viwavi vya nondo wa nta, na karibu kila mara wameingia kwa sababu nyuki ni wachache kuliko masega waliyo nayo. Ondoa viunzi vilivyoharibika na vile visivyofunikwa na nyuki, vichome au uvianike juani, na uwaachie nyuki nafasi wanayoweza kuilinda.

Nyuki wamo, wanaingia na kutoka, lakini hawaleti chavua kwa wiki tatu wakati maua yapo. Inawezekana hawana malkia. Wape kiunzi kimoja chenye mayai kutoka kwenye kundi lako jingine, au kwa jirani uliyenunua kwake, na uangalie baada ya siku nne: wakianza kujenga kijumba kirefu kinachoning'inia kama karanga, hawakuwa naye, na sasa wanamlea mwingine.